Digrii Amekwisha Pata, Mbona Aomba Shule Tena?



Juma hili nataka kujibu swali ambalo wazazi wengi huniuliza, wengine kwa mdomo, wengine kwa simu, na wengine kwa kikaratasi alichopewa dereva wa lori la ndizi. Swali lenyewe ni hili: "Mtoto wetu amesoma tangu darasa la kwanza mpaka chuo kikuu. Tumeuza mbuzi, tumechangishana ukoo mzima. Sasa digrii amekwisha pata. Badala ya kutafuta kazi, yuasema ataka kuomba shule tena. Je, hiyo ni akili au ni uvivu?"

Sitajibu kwa hotuba. Nitawasimulieni habari ya binti mmoja wa Feri na mama yake. Majina yao siyataji, maana walinipa ruhusa ya kusimulia, hawakunipa ruhusa ya kuwatangaza.

Kwa ninyi msiopata kufika Dar es Salaam, Feri ni mahali pa pwani katikati ya mji, pale mlango wa bandari ulipo mwembamba. Pantoni huvusha watu na magari kwenda ng'ambo ya Kigamboni, na hiyo ndiyo iliyopapa mahali hapo jina. Kando yake lipo soko kubwa la samaki, lililojengwa upya kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukifuata pwani mwendo mfupi utauona mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na mbele yake boti za kwenda Zanzibar. Alfajiri mashua na mitumbwi hutia nanga, samaki hushushwa, madalali hupiga mnada kwa sauti kubwa, wapara samaki hunoa visu, na moshi wa wakaangaji hupanda mpaka barabarani.

Mama ninayemsimulia ni mtu wa milima ya Uluguru, upande wa Matombo. Ni mjane. Kila alfajiri hununua pweza mnadani, huwasafisha na kuwachemsha, kisha huwauzia vijana wanaotembeza supu ya pweza jioni katika mitaa ya Kariakoo. Kwa kazi hiyo amelea watoto watatu. Binti yake wa kwanza alifika chuo kikuu kwa mkopo wa serikali na mchango wa ukoo, akasomea viumbe vya majini na uvuvi. Akahitimu. Mwaka mmoja ukapita bila kazi ya kudumu.

Siku moja wakaja wote wawili ofisini kwangu. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ukarani, basi watu wa hapa bado huniita Mwalimu.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuletea huyu. Ataka cheti cha ubatizo, ati majina yake hayapatani."

Kweli, hayakupatana. Ilikuwa kama mfano huu: kitabu cha ubatizo chasema Yosefina, cheti cha kuzaliwa chasema Josefina, na cheti cha kidato cha nne chasema Josephine. Kijijini wote watajua kwamba ni mtu mmoja. Lakini karani wa chuo cha mbali hamjui mtu. Ajua karatasi tu. Machoni pake hao ni watu watatu, na wawili wao huenda ni wezi wa vyeti.

Msicheke. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilipoteza nafasi ya masomo kwa ajili ya herufi moja. Fomu ilirudishwa nisahihishe, na ilipofika mara ya pili tarehe ilikuwa imekwisha pita. Kosa lilikuwa langu, kwani cheti hicho nilikuwa nacho miaka mitano na sikukisoma vizuri hata siku moja. Tangu siku hiyo sipitishi jina mezani kwangu bila kulitazama mara mbili. Basi nikampa binti cheti cha ubatizo kama kitabu kisemavyo, nikamwelekeza kwa wakili akaape hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

"Na cheti hiki ni cha kuombea kazi gani?" nikauliza.

"Si kazi, Mwalimu. Ni masomo ya uzamili, sayansi ya bahari."

Mama yake akatazama dirishani. Ndipo nilipojua kwamba jina halikuwa shida kubwa.

Shida kubwa ilikuwa mjomba. Kwa Waluguru, kama wengi mjuavyo, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Naye alikuwa amepiga simu kutoka Matombo, akasema: "Mti tuliupanda, tukaumwagilia maji miaka kumi na sita. Sasa watuambia hauzai mpaka tuumwagilie tena?" Neno hilo ni zito, wala si la kijinga. Nyuma ya binti huyo walikuwapo wadogo zake wawili, na ada zao.

UZAMILI NI KITU GANI

Kwanza tuelewane. Digrii ya kwanza humfundisha mtu yale ambayo wengine wamekwisha yajua. Uzamili, ambao huchukua kama miaka miwili, humfundisha kutafuta jambo ambalo bado halijajulikana sawasawa. Baada ya huo uko uzamivu, ambao ni kilele. Neno hilo ni zuri, maana mzamivu kwa watu wa pwani ni mtu apigaye mbizi mpaka chini kabisa, akatoka na kitu mkononi. Basi elimu hiyo si kukaa juu ya maji na kutazama povu.

Katika nchi yetu kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, na leo taasisi hiyo ipo Buyu, kusini ya mji. Hufundisha uzamili na uzamivu. Huku bara, Kunduchi, ndiko yaliko makao ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI.

Wala msidhani kwamba bahari ni ya watoto wa pwani peke yao. Profesa Keto Mshigeni ni mtu wa Upare, milimani, mbali na maji ya chumvi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kusoma Hawaii, akapata uzamivu kwa kuchunguza mwani, akarudi kufundisha na kuhimiza ukulima wake. Mwaka 1989 ukulima wa mwani wa biashara ulianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, na leo maelfu ya watu huupata mkate wao humo, wengi wao wanawake. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto na aina moja ya mwani kuanza kufa, Dakta Flower Msuya wa Taasisi hiyo ya Zanzibar alifanya kazi na wakulima wenyewe kujaribu kuupanda katika maji ya kina zaidi kwa nyavu, na kutengeneza sabuni na vitu vingine kwa mwani. Basi elimu ya namna hii yaweza kurudi ikaketi mekoni kwa mtu.

MAOMBI YA KWANZA

Binti wetu alikuwa amekwisha omba mara moja, katika chuo kimoja cha ng'ambo, akakataliwa. Nikamwomba anisomee barua aliyowaandikia. Ilikuwa ya Kiingereza kizuri. Alisema kwamba aliipenda bahari tangu utoto, kwamba ni mchapa kazi, kwamba atalisaidia taifa, na kwamba chuo chao ni mashuhuri.

Nikamwuliza: "Barua hii angeweza kuiandika mwenzako wa darasani?"

Akafikiri. "Angeweza."

"Na mwenzake wa Mombasa?"

"Naye pia."

"Basi wamejuaje kwamba ni wewe?"

Hakujibu. Lakini alikwenda kwa mmoja wa walimu wake wa zamani, naye akamwambia neno ambalo nataka kila mzazi mwenye mtoto wa namna hii alishike. Alisema: "Usiniambie wapenda nini. Niambie wataka kujua nini, na kwa nini halijajulikana."

Kuomba masomo haya si kama kuomba nafasi ya sekondari, ambako alama ndizo zisemazo. Alama zatakiwa, naam. Kwa kawaida vyuo hutaka digrii ya kwanza ya daraja la pili au zaidi. Lakini wenye alama hizo ni wengi. Kinachomtenga mmoja na wengi ni swali lake. Tena sharti apatikane mwalimu chuoni ambaye swali hilo lamhusu, akubali kumwongoza. Mwenye busara humwandikia mwalimu huyo mapema, kabla ya kujaza fomu.

MADAFTARI YA MAMA

Binti akahangaika majuma mawili akitafuta swali katika vitabu. Kumbe lilikuwa chini ya kitanda cha mama yake.

Mama huyu, kwa kuogopa kudanganywa na madalali, huandika kila anachonunua. Huandika tarehe, bei, na mahali pweza walikotoka, Kimbiji, Mafia au Kilwa. Kisha kwa kila ndoo hupiga vijiti, kijiti kimoja pweza mmoja. Ndoo yake ni ile ile siku zote. Alikuwa na madaftari sita, yanayonuka samaki, ya miaka minne.

Binti akayafungua usiku akatafute deni fulani, akaona kitu. Miezi fulani vijiti vya ndoo moja vilikuwa vichache. Miezi mingine vilijaa mstari mzima. Ninyi mliosoma hesabu mwaona: ndoo ikiwa ile ile na pweza wakawa wengi zaidi, basi kila mmoja ni mdogo zaidi. Yule mama bila kujua alikuwa ameandika ukubwa wa pweza wa Feri, siku kwa siku, miaka minne.

Binti akaja ofisini mbio. Nami nikafurahi naye. Lakini hatukuwa tumemwuliza mwenye madaftari.

Jioni ile mama akasema: "Mwanangu, kitabu hicho hakiendi kokote. Wajua vijiti hivyo vingi ni nini? Ni pweza wadogo. Na pweza mdogo ni kosa."

Ni kweli. Kanuni za uvuvi za Tanzania bara zakataza pweza wa chini ya gramu 500. Wadogo hao huwa rahisi, na mchuuzi mwenye fedha kidogo hujaribiwa kuwanunua.

"Wewe utakuwa Ulaya unasoma," akasema mama, "na mimi nitakuwa kituoni naandika maelezo."

Binti akalia, akasema kwamba mama hamtakii maendeleo. Mama naye akasema kwamba amebeba ndoo miaka ishirini kwa ajili ya maendeleo hayo. Wakalala bila kuagana.

Kesho yake binti akanijia apate mtu wa kumtetea. Nikamwambia: "Nisamehe, hapa sikutetei. Madaftari si yako. Ni ya mama yako." Yule mwalimu wake naye alimwambia maneno hayo hayo kwa simu, akaongeza kwamba hiyo ni sheria ya utafiti popote duniani: habari ya mtu haichukuliwi bila ridhaa yake, wala jina lake halichapwi kwa namna ya kumdhuru. Mwanafunzi asiyeweza kuishika sheria hiyo kwa mama yake hataishika kwa mvuvi asiyemjua.

Basi binti akayarudisha madaftari chini ya kitanda.

SIKU TATU

Siku tatu mama hakusema neno juu ya jambo hilo. Siku ya nne, wakiwa sokoni wanasubiri mnada, akauliza: "Hawa wadogo, wakiachwa, huwa wakubwa kwa muda gani?"

Binti akamweleza aliyosoma. Pweza wa miambani kwetu haishi sana. Umri wake ni kama mwaka mmoja au kupita kidogo. Hukua upesi mno, hata majuma machache huleta tofauti kubwa ya uzito. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyaweka mayai yake shimoni mwambani, huyalinda kama mwezi mzima bila kula, na yanapoanguliwa, naye hufa. Akivuliwa kabla ya kutaga, hakuna kitakachobaki nyuma yake.

"Bila kula?" akauliza mama.

"Bila kula."

Mama akanyamaza kidogo. "Sasa mbona miezi mingine wadogo ni wengi hivi? Bahari inakwisha?"

Hapo binti akafanya jambo lililonipendeza kuliko yote niliposimuliwa. Hakujitia kujua. Akasema: "Mama, zaweza kuwa sababu tatu. Huenda wakubwa wamekwisha, wamebaki wadogo. Huenda ni msimu wao wa kuzaliwa, wadogo ni wengi kwa sababu bahari ina heri. Au huenda wakubwa wapo, ila wananunuliwa huko huko na viwanda wapelekwe Ulaya, wasifike Feri kabisa. Vijiti vyako pekee haviwezi kusema ni ipi. Sharti mtu aende mwambani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, awapime pale wanapovuliwa, kisha alinganishe na soko."

"Na hakuna aliyefanya?"

"Wengine wamepima mahali pengine. Lakini miaka minne ya Feri, siku kwa siku, sijaiona kwa mtu."

Wasomaji wapenzi, hilo ndilo swali la uzamili. Latokana na kitu alichokiona mtu kwa macho yake, lina majibu zaidi ya moja, tena laweza kupimwa. Na jibu lake lina kazi. Kule Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, mwaka 2004 wanakijiji walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa pweza wakue, kisha wakaufungua. Mfano huo ulienea, na hata Kisiwa Panza, huko Pemba, watu wamefunga na kufungua mwamba wao kwa mapatano yao wenyewe. Lakini ufunge mwezi gani? Na mchuuzi wa Feri ale nini mwezi huo? Asiyepima atafunga mwezi usiofaa, na watu watalala njaa bure.

Mama akayatoa madaftari, kwa masharti mawili. La kwanza: jina lake na ya wale wanaomwuzia yasionekane popote. La pili: jibu likipatikana, lisomwe kwanza Feri, kwa Kiswahili, mbele ya wanawake wa pweza, kabla ya kusomwa kwa wazungu. Binti akayaandika masharti hayo katika karatasi, wote wawili wakatia sahihi, nami nikawa shahidi.

KARATASI NA FEDHA

Sasa nawaambieni yanayotakiwa, mpate kuwasaidia watoto wenu.

Sharti ziwepo nakala za vyeti vyote, zenye mhuri wa wakili, na karatasi ya matokeo ya kila somo la digrii. Vyuo vya ng'ambo vyataka pia hati ya kusafiria, nayo haipatikani kwa siku moja. Zatakiwa barua za walimu wawili wanaomjua mtoto kweli kweli. Mwalimu aombwe mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, tena akumbushwe kwa adabu, maana ana wanafunzi wengi. Yatakiwa maelezo ya swali lenyewe katika kurasa chache: nini kitapimwa, wapi, kwa muda gani, kwa gharama gani. Vyuo vingine hutaka mtihani wa Kiingereza wenye ada kubwa. Mtoto aulize kwanza kama barua ya chuo chake, isemayo kwamba alifundishwa kwa Kiingereza, yatosha.

Juu ya fedha, njia zipo, ila ni nyembamba. Ubelgiji, vyuo vikuu vya Brussels, Ghent na Antwerp hufundisha pamoja uzamili wa bahari na maziwa, na kwa miaka mingi serikali ya huko imetoa ufadhili kwa vijana wa nchi kama yetu. Iceland ina mafunzo ya uvuvi ya miezi sita, yaliyoanza mwaka 1998, kwa watu walio kazini tayari. Hayo si digrii, lakini yamewafaa Watanzania. Hapa karibu, huko Zanzibar, chama cha wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, kiitwacho WIOMSA, kilichoundwa mwaka 1993, hutoa fedha za utafiti kwa wanaoshinda. Masharti hubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo mtoto asome tangazo la mwaka huu mwenyewe, asitegemee la rafiki yake wa mwaka jana.

Na hili mlishike sana: mtu akikujia kijijini akasema, "Nipe kiasi fulani nimpatie mwanao ufadhili," mfunge mlango. Chuo chaweza kutoza ada ndogo ya maombi, na ada hiyo hutangazwa wazi. Lakini mtu akutozaye fedha ili akupe fedha, huyo ni mwizi aliyevaa tai.

MJOMBA AFIKA FERI

Mwisho mjomba akaja mwenyewe, juu ya lori la ndizi. Tukakaa nyuma ya soko, penye kivuli. Akasikiliza yote, kisha akauliza: "Sawa. Sisi watu wa milimani bahari yatuhusu nini?"

Binti akasema: "Mjomba, mto Ruvu watoka kwenu. Mvua ikinyesha Uluguru mahali palipofyekwa, udongo wa mashamba yenu hushuka nao mpaka pwani, huyachafua maji, na matumbawe hayapendi tope. Bahari ni mwisho wa shamba lenu."

Nilidhani mzee atakasirika. Yeye akacheka kidogo, kicheko kisicho cha furaha. Akasema: "Maneno ya udongo tuliyasikia zamani. Wakoloni waliwalazimisha wazee wetu kulima matuta ya ngazi. Mwaka 1955 Matombo ikawaka moto kwa ajili hiyo. Pengine wale wazungu walikuwa na neno la kweli juu ya udongo. Lakini walituletea amri, hawakutuuliza." Akamtazama mpwa wake. "Ukienda kusoma, usirudi na amri. Rudi na jibu."

Kisha wakapatana, nami nikaandika. Hakuna mbuzi atakayeuzwa. Ada za wadogo zake ni kwanza. Binti ataomba misimu miwili tu. Akikosa, atatafuta kazi kwa moyo mmoja bila kumlaumu mtu. Na wakati anaposubiri asikae bure. Basi sasa asubuhi yupo sokoni na mama yake, jioni afundisha watoto wa jirani hesabu kwa malipo kidogo.

Mtapenda kujua mwisho wake. Chuo cha hapa nchini kimemkubali, na mwalimu wa kumwongoza amepatikana. Fedha ya ada bado haijatimia. Chuo cha ng'ambo hakijajibu. Basi siwezi kuwaambieni kwamba amefaulu, na mimi si mtabiri. Naweza kuwaambieni kwamba juzi nilipita Feri alfajiri nikamkuta mama ana mizani ndogo ya kuning'iniza, aliyoinunua Kariakoo kwa fedha yake. Katika daftari la saba amepiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja ni pweza waliofika nusu kilo. Upande wa pili ni wale wasiofika.

"Hawa wa upande huu bado wanunua?" nikamwuliza.

"Nimewapunguza, Mwalimu. Sijawaacha wote. Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Nimeandika hivyo hivyo.

Basi, wazazi, mtoto wenu akija na neno la kuomba shule tena, msimfukuze, wala msikimbilie kuuza mbuzi. Mketisheni, mpeni chai, mumwulize mambo matatu. Wataka kujua nini? Nani amekubali kukuongoza? Na wadogo zako watakula nini wakati unapokitafuta? Akiwa na majibu, mpeni baraka na muda wenye mpaka. Akiwa hana, mpelekeni shambani au sokoni akafanye kazi, macho yakiwa wazi. Huenda swali lake liko huko, chini ya kitanda cha mtu aliyempita kila siku bila kumwuliza.

Tena kabla hajaondoka, someni majina yake katika vyeti vyote, herufi kwa herufi.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi, Karani wenu